Maswali ya Wasomaji: Fedha za POS Zinapotelea Wapi?

Halmashauri yetu imetenga fedha za semina ya siku 3 ya kupambana na udanganyifu kwa wakuu wa idara zote. Kitengo cha ukaguzi wa ndani tuko watu 3 tu. Tufundishe nini?
*Mkaguzi wa ndani, Kanda ya Ziwa*

Sheria na maadili, siku 1 inatosha. Siku 2 zilizobaki watu wakae mbele ya kompyuta. Wizi mwingi wa halmashauri hautaki utaalamu mkubwa kuugundua. Unataka mtu mwenye ruhusa ya kuweka orodha mbili pamoja. Lakini moja iko TEHAMA, nyingine kwa Mweka Hazina, nyingine kwa afisa biashara, na mkaguzi huletewa muhtasari uliokwisha kupigwa pasi. Kwa hiyo, kabla hata ya kulipia ukumbi, mwombeni Mkurugenzi akaunti ya kusoma tu katika mfumo wa mapato, bila uwezo wa kurekebisha chochote.

Anzeni na POS, mashine za mkononi za kukusanyia ushuru na kutoa stakabadhi. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimerudia hoja hiyo mwaka hadi mwaka: fedha zimekusanywa kwa mashine, benki hazijafika. Kila Jumatatu toeni makusanyo ya kila mashine na fedha zilizoingia benki kwa tarehe. Mashine zilizokuwa nje ya mtandao na kwa siku ngapi. Miamala iliyofutwa au kurekebishwa, nani aliifuta na kwa kibali gani. Kisha rejesta ya nani ana mashine ipi, kwa namba yake na sahihi ya kukabidhiwa. Hii ya mwisho hudharauliwa sana. Mtendaji akihamishwa bila kuirudisha mashine, deni hubaki halina mwenyewe.

Tazameni pia tofauti ya siku kwa siku kati ya makusanyo na benki. Mkusanyaji aliyetumia fedha mbichi, yaani kabla hazijafika benki, pengine kwa kuagizwa na mkubwa wake anunue mafuta ya gari, huziba makusanyo ya wiki hii kwa ya wiki ijayo. Jumla ya mwezi itaonekana karibu sawa. Siku kwa siku hazilingani, na benki inapokea tarakimu za mviringo, 300,000 au 500,000, wakati ushuru halisi huishia na mia mia.

Fedha nyingine hazionekani kwenye mfumo kabisa, kwa sababu stakabadhi haikutolewa. Hapo pigeni hesabu ya kinachotarajiwa. Mfano, soko la vizimba 120, ushuru sh. 500 kwa siku, siku 26 za biashara: sh. 1,560,000. POS ikionyesha 900,000, pengo ni 660,000. Msimtaje mtu bado. Nendeni sokoni siku mbili tofauti, bila kutangaza, mhesabu vizimba vyenye wauzaji. Mkikuta 90, matarajio yanashuka hadi 1,170,000 na pengo linabaki 270,000. Hilo ndilo la kuulizia.

Vivyo hivyo kwa mashine iliyozimika. Siku 1 inaweza kuwa mtandao au betri. Siku 9 zinazoangukia msimu wa mnada wa ng'ombe zinataka maelezo ya maandishi.

Kuna kosa ambalo semina haiwezi kuliponya: mtu mmoja kusajili mashine, kufuta miamala na kusuluhisha hesabu za benki. Gawanyeni kazi hizo hata kama ofisi ni ndogo.

Watumishi hewa, wanaolipwa mshahara bila kuwepo kazini, si waliisha? Kwa nini tunahakiki tena?
*Afisa utumishi, Morogoro*

Uhakiki wa mwaka 2016 uliondoa majina zaidi ya 10,000. Wale 9,932 waliotangazwa Aprili 2017 ni wengine: walikuwepo kazini, vyeti vyao ndivyo vilivyoghushiwa. Mtumishi hewa wa leo kwa kawaida ni mtu wa kweli aliyefariki, kustaafu au kutoroka kazini, na barua ya mkuu wa shule ya kutoa taarifa hiyo inazunguka kwa afisa elimu hadi orodha ya mishahara ya mwezi inafungwa. Mpeni kila mkuu wa kituo orodha ya watakaolipwa aisaini kabla ya kufungwa, na taarifa ya kifo ipigwe kwa simu siku hiyohiyo, barua ifuate. Mnapodai marejesho, msiishie kwenye mshahara uliobaki mkononi: makato ya mkopo na michango ya pensheni nayo yalilipwa kwa jina hilo.

Nimeona mwenzangu anafuta miamala ya POS usiku. Nimuulize?
*Karani, jina tumelihifadhi*

Usimuulize, wala usiiguse mashine, maana kuifuta au kuiwasha upya kunaweza kupoteza kumbukumbu. Andika tarehe, saa na namba ya mashine. Mpelekee mkaguzi wa ndani. Ukihofia kuwa wakubwa wamo, piga TAKUKURU, 113, bure. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya mwaka 2015 inakulinda ukitoa taarifa kwa nia njema. Ukianza kuisimulia kantini, mwenye mashine atajua kabla ya mchunguzi.