Mbuta wa Usenge ni wa Nani? Maswali ya Wasomaji

Karibu barua zote za mwezi huu zinazunguka jambo moja: samaki anazaliwa wapi, anahamia wapi, na nani ana haki ya kumvua. Nimechagua tano.

Huku Usenge, kando ya Ziwa Victoria, tunaambiwa mbuta (sangara) wetu wanamalizwa Uganda wakiwa bado wadogo. Kwani kuna mbuta wa Kenya na mbuta wa Uganda? — Mvuvi, Usenge

Hakuna, ndugu yangu. Mbuta wote wa ziwa hili ni uzao wa samaki walioletwa kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kabla ya hapo maporomoko ya Murchison yalikuwa yamewafungia njia ya kupanda Nile hadi huku. Miaka sitini na kitu ni michache mno kwa samaki kugawanyika koo mbalimbali katika maji yasiyo na ukuta.

Kinachowahamisha ni hewa. Kati ya Septemba na Aprili hivi, maji ya ziwa hujipanga matabaka, na yale ya chini kabisa huishiwa oksijeni. Mbuta anahitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo hulazimika kupanda juu au kusogea maji ya kina kifupi, ambako nyavu zinamsubiri. Upepo wa kusini mashariki ukivuma katikati ya mwaka, maji huchanganyika na samaki hutawanyika tena. Ndiyo maana bichi yako inaweza kujaa mwezi huu, mwezi ujao ikawa tupu, bila Mganda yeyote kuhusika.

Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, basi sehemu kubwa ya mbuta wetu lazima wamepitia maji ya wenzetu. Nchi zote tatu zilikubaliana mbuta anayevuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85: aliye chini ya hapo hajazaa, na jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Lawama kwa majirani naielewa, lakini makokoro, zile nyavu za kuburuta, nayaona kwenye bichi zetu pia, tena mchana kweupe.

Mpwa wangu anafanya kazi kiwanda cha samaki Alaska. Ametuma picha ya halibut, samaki bapa anayemzidi mtu kwa ukubwa, macho yote upande mmoja. Anadai naye husafiri. Kweli? — Mama wa Milimani, Kisumu

Kweli, mama, na safari yake ina mpango kuliko za watu wengi. Halibut wa Pasifiki huanza maisha akiogelea wima kama samaki wengine, jicho moja kila upande. Baada ya miezi michache jicho la kushoto huhamia kulia, naye hulala ubavu kwenye sakafu ya bahari.

Wakubwa hushuka kwenye kina kirefu majira ya baridi, pembeni mwa bara, kutaga mayai mamia ya mita chini. Majira ya joto hurudi maji ya juu kula. Mayai na vitoto havina nguvu ya kuogelea, hivyo mkondo wa Ghuba ya Alaska huvisukuma kuelekea magharibi. Wakishakua kidogo, vijana huanza kurudi polepole mashariki na kusini, kinyume cha mkondo uliowaleta, kwa miaka kadhaa. Kama hawangerudi, upande wa Kanada ungebaki mtupu.

Haya yamejulikana kwa kuwafunga samaki alama na kuwaachilia, kazi iliyoanza 1925. Marekani na Kanada zilikuwa zimeunda tume ya pamoja kwa ajili ya samaki huyu mmoja mwaka 1923, na mpaka leo tume hiyo humhesabu kama akiba moja, kuanzia kaskazini mwa California hadi Bahari ya Bering. Sisi shirika letu la uvuvi wa Ziwa Victoria, lililo Jinja, Uganda, lilitokana na mkataba wa 1994. Halibut wa Atlantiki, kwa taarifa ya mpwa wako, ni spishi nyingine.

Ningu walienda wapi? Zamani mvua ikinyesha tulikuwa tunawatoa samaki hao Mto Nzoia kwa vikapu. — Mzee, Budalang'i

Mzee wangu, hawakwenda popote, walizuiwa njiani. Ningu huishi ziwani, lakini hazai humo. Mito inapofurika hupanda Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja, akataga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, kisha makinda hushuka ziwani. Safari yote iko kwenye ratiba ya mvua, na hapo ndipo udhaifu wake. Nyavu za kisasa zilipotandazwa midomoni mwa mito, zilivua walewale waliokuwa wanapanda na mayai tumboni. Kufikia 1965 kuporomoka kwa ningu wa Nzoia kulikuwa kumeshaandikwa na watafiti, na mitego ya asili ikawa inaachwa kwa sababu hakuna cha kutega.

Mbuta husingiziwa kila msiba wa ziwa hili. Fulu, wale samaki wadogo wa asili, aliwala kweli, tena spishi kwa mamia. Ila ningu alikuwa ameshaanguka kabla mbuta hawajafurika miaka ya 1980. Tukitaka arudi, midomo ya mito iachwe wazi wakati wa masika. Na maeneo ya mafuriko yasilimwe yote, jambo ambalo najua halitapendwa Budalang'i.

Mbona omena (dagaa) huadimika mwezi ukiwa mpevu? — Muuzaji, soko la Kibuye

Dada, wapo. Mchana hushuka chini, usiku hupanda juu, na wavuvi huwavuta kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina maana. Ukikosa omena Aprili hadi Julai, hiyo ni sababu nyingine: msimu umefungwa ili wazaane.

Ziwa Nakuru ni la magadi. Samaki waliingiaje? Na naweza kwenda huko kuvua kwa ndoana? — Mwanafunzi, Nakuru

Walibebwa. Tilapia wadogo wa Ziwa Magadi waliwekwa humo miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Wanaosafiri ni ndege, mwari: hutaga Ziwa Elmenteita, huruka hadi Nakuru kuvua, kisha hurudi kulisha makinda. Kuhusu swali lako la pili, la kwenda huko na ndoana: ziwa liko ndani ya mbuga ya taifa, usijaribu.