Epoksi ya rodi ikiharibika: angalia kwanza kabla hujashika wembe

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza rodi za kuvulia, hasa nyie wa huku Tanga, naona wengi mnakwama sehemu moja tu, kwenye kumalizia. Uzi mnafunga vizuri, ringi za kupitishia mshipi mnazinyoosha vizuri, ila mtu akishapaka epoksi juu ya uzi usiku (ile ya chupa mbili, rezini na hadina yake ya kuikausha), asubuhi anakuta inanata, au ina vishimo, au imeweka kama ukungu, basi anasema hii epoksi feki na anaanza kukwangua. Mara nyingi sio feki. Kasoro yenyewe inakuonyesha ulikosea wapi, ila ukishakwangua umefuta ushahidi wote.

Tuanze na kunata manake ndo kilio cha wengi. Swali langu la kwanza huwa, mabaki yako wapi? Mimi situpi mabaki. Nikishachanganya namwaga yote kwenye kipande cha foili, napakia kutoka hapo, kinachobaki naandika tarehe na jina la mwenye rodi pembeni kwa makapeni naweka juu ya kabati. Kesho yake nabonyeza kwa ukucha. Kama foili nayo inanata ujue vipimo havikuwa sawa. Kama foili imekuwa ngumu kama kioo ila rodi inanata sehemu sehemu, hapo ulichanganya vibaya, ulikwangua ile iliyoganda pembeni ya kikombe ambayo rezini na hadina hazijakutana, ukaenda nayo kwenye uzi.

Sasa hapa niwaambie kitu ambacho kimewaponza vijana wengi waliotokea kwenye kazi ya kuziba boti za fiba. Ile rezini ya boti unaweka hadina kidogo tu, asilimia 1 au 2, na ukiongeza kidogo inawahi kukauka, mkono ushazoea hivyo. Epoksi sio hivyo kabisa. Hadina yake sio kichocheo, ni nusu ya mwili wenyewe, kila chembe ya rezini inatafuta mwenzake wa hadina, ukiongeza hadina ile iliyozidi inabaki haina wa kushikana naye na rodi itanata mpaka mwakani. Epoksi nyingi za rodi ni 1 kwa 1 kwa ujazo, sio kwa uzito, rezini ni nzito kuliko hadina kwahiyo ukitumia mizani nusu kwa nusu umeshakosea. Tumia sirinji mbili, moja ipige alama nyekundu iwe ya rezini maisha yake yote, zisibadilishane hata siku moja. Na usipime chini ya ml 3 kila upande hata kama una sehemu moja tu ya uzi ya kupaka, kwasababu ukikosea ml 0.1 kwenye ml 1 umekosea asilimia 10, kwenye ml 3 ni asilimia 3 na kidogo, hiyo inavumilika. Changanya taratibu dakika 3 mpaka 5 ukikwangua pembeni na chini, ukiharakisha unaingiza mapovu.

Iliyonata uisubirie siku mbili tatu sehemu yenye joto kwanza. Ikikataa lakini haitoki mkononi, paka koti (tabaka) jembamba lingine lililopimwa vizuri juu yake, mara nyingi linaiziba na kazi inapona. Ikiwa bado ni ya kuvutika kama ulimbo, futa kwa spiriti na kitambaa, uanze upya.

Vishimo. Yaani unapaka epoksi inakimbia, inaacha duara uzi mkavu unaonekana katikati. Hiyo mara nyingi ni mafuta au silikoni. Mikono imetoka kwenye sambusa, mafuta ya nazi ya kichwani, au mtu kapuliza spirei ya silikoni kwenye baiskeli humohumo chumbani. Mimi kuna kipindi rodi tatu mfululizo zilinifanyia hivyo, nikaosha mikono, nikabadilisha brashi, nikafuta blanki (fimbo yenyewe ya rodi) kwa spiriti mpaka nikachoka, kumbe ni sirinji. Zile za duka la dawa zenye kizibo cheusi cha mpira, mpira ule umepakwa silikoni ili uteleze, na silikoni ile inaingia kwenye epoksi kila unapovuta. Tangu nihamie kwenye zile za plastiki tupu zisizo na mpira sijaona vishimo tena. Ukiviona epoksi ikiwa bado mbichi futa yote, usijaribu kuijaza. Ikishakauka piga msasa laini, osha, futa kwa spiriti, ndo urudie.

Masika ni habari nyingine. Kuanzia Machi mpaka Mei hewa yetu hapa imeloa, na mimi mwaka nilioanza nilipaka rodi ya mteja wa Pangani usiku mvua inanyesha, dirisha langu la hapa Chumbageni mjini Tanga liko wazi upepo wa bahari unaingia. Asubuhi imekauka vizuri tu ila ukipitisha kidole unahisi utelezi kama umeshika mshumaa, na haing'ai. Sikujua ni nini, nikapaka koti la pili juu. Baada ya safari chache baharini likaanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu, na yule mzee alinirudishia bila kunisema hata neno, iliniuma zaidi. Ule utelezi ni hadina imekutana na unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani kabla haijamalizana na rezini. Dawa yake ni maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, sio spiriti, spiriti inausambaza tu. Osha, kausha, piga msasa laini, ndo upake. Na wakati wa mvua funga madirisha, paka mchana, na uchanganye kwa muda kamili. Kwa sababu hiyohiyo msipulize mapovu kwa mdomo, pumzi yako ina unyevu na hiyohiyo kaboni dayoksaidi. Pitisha moto mdogo wa spiriti kwa chini haraka haraka, yanapasuka yenyewe. Mapovu yanayorudi kila ukiyapasua yanatoka kwenye upenyo wa pembeni ya mguu wa ringi, ule uliofungwa na uzi, sukuma epoksi iingie mle kwanza kabla ya kupaka juu.

Epoksi iliyolala upande mmoja kama tumbo ni kwamba umepaka nyingi au rodi iliacha kuzunguka kabla epoksi haijashika. Makoti mawili membamba, siku zote. Mota ya kuzungusha sahani ya maikrowevu inatosha, ila soma imeandikwa volti ngapi, zipo za 21 na ukiichomeka ukutani inaungua hapohapo. Umeme ukikatika kaa na rodi yako, igeuze nusu mzunguko kila dakika mbili tatu mpaka epoksi iache kutembea, masaa mawili au zaidi, usiende kulala.

Ah na vaeni glavu za naitrili. Ngozi ikishaikataa epoksi haiikubali tena, mtu anawashwa mikono anaacha kazi.

Imeshindikana kabisa? Pasha kwa draya ya saluni, sio moto, blanki ya kaboni ikipata joto kali inalegea humohumo ndani na itakuja kukatika samaki akiwa kwenye mshipi. Epoksi ikilainika pasua juu ya mguu wa ringi, palipo na chuma chini, kamwe sio juu ya blanki, halafu vuta uzi, itatoka nayo kama ganda, na ringi unazitumia tena zilezile.