Maswali na Majibu: Elektroni Haing'olewi kwa Wingi wa Mwanga

Nikimulika bamba la zinki kwa taa nyekundu kali mara mia, elektroni hazitatoka hata chache?

Hazitatoka. Swali hili hurudi kila muhula likiwa limebadilishwa rangi ya taa tu. Katika jambo hili, liitwalo athari ya fotoelektriki (mwanga kung'oa elektroni kwenye metali), elektroni moja humeza fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, basi. Fotoni nyekundu ina kama elektrovolti 1.8 (eV, kipimo kidogo cha nishati), na zinki inadai 4.3 ili iachie elektroni. Ukali wa taa unaongeza idadi ya fotoni, hauongezi nishati ya hata moja kati yao.

Sodiamu ina nishati ya kung'oa ya eV 2.28. Nikiimulika kwa mwanga wa nanomita 400 napata jibu hasi. Kosa liko wapi?

Umetoa elektrovolti kwenye jouli. Fotoni yako ni jouli 4.97 × 10⁻¹⁹, ukiiondolea 2.28 lazima uangukie kwenye hasi. Gawa 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, upate elektrovolti moja kwa moja: 1240 ÷ 400 = 3.10. Toa 2.28, inabaki 0.82, nishati ya elektroni inayotoka. Kwa hiyo volti ya kuzisimamisha elektroni ni 0.82. Rudi kwenye jouli pale tu unapoulizwa kasi: 0.82 × 1.6 × 10⁻¹⁹ ni 1.31 × 10⁻¹⁹, na kasi inatoka karibu 5.4 × 10⁵ m/s. Anayebeba jouli tangu mstari wa kwanza anajitafutia sifuri za kupotea nazo.

Tumeweka zinki juu ya elektroskopu (chombo ambacho jani lake jembamba la metali huinuka kikiwa na chaji), tukaichaji na kuimulika kwa taa ya urujuanimno. Jani halishuki. Zinki mbovu?

Zinki haina kosa. Kwanza, taa gani? Kama ni ile ya dukani ya kukagulia noti bandia, inatoa nanomita 365 hivi, yaani eV 3.4. Haitoshi. Zinki inataka chini ya nanomita 288 au karibu na hapo, kwa hiyo tafuta taa ya zebaki ya kuulia vijidudu, ya nanomita 254 (eV 4.9). Kusiwe na kioo cha dirisha katikati, maana kinameza miali hiyo yote.

Pili, msasa. Zinki iliyokaa hewani imevaa utando wa oksidi. Isugue mpaka ing'ae, uitumie papo hapo, si baada ya chai.

Tatu, chaji iwe hasi: ufito wa politheni uliosuguliwa kwa sufu. Ukiichaji chanya, elektroni inayochomoka inavutwa kurudi na jani linabaki palepale. Hilo nalo lifanyeni makusudi, ndilo linaloonyesha kwamba zinazotoka ni chaji hasi.

Na kabla ya kuwasha taa, chaji na usubiri dakika moja. Jani likishuka lenyewe, chaji inavuja kwa unyevu, jambo la kawaida shule za pwani. Kausha kihami kwa kikaushia nywele.

Taa hiyo inaunguza macho. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, kama mchanga machoni, wachomelea vyuma wanayajua. Ifunikeni kwa boksi lenye tundu upande wa zinki tu. Mwalimu anayeiwasha wazi mbele ya darasa anyang'anywe.

Paneli ya sola hufanya kazi kwa njia hii?

Ni ndugu, si yenyewe. Kwenye silikoni elektroni haitoki nje. Inafunguliwa ndani kwa eV 1.1 tu, kisha mpaka wa tabaka mbili unaisukuma upande mmoja. Ndiyo maana hata mwanga mwekundu unazalisha umeme.

Elektroni zote hutoka na kasi moja?

Hapana. Fomula, yaani nishati ya fotoni ukitoa ile ya kung'oa, inatoa ya juu kabisa. Zilizotoka ndani zaidi zimeshagongana njiani.

Einstein alipewa Nobel kwa nadharia ya uhusianifu?

Tuzo yake ya 1921 ilitaja waziwazi sheria ya jambo hili tunalojadili, aliyoiandika 1905. Mwanafizikia wa Marekani, Millikan, hakuiamini. Alihangaika miaka kadhaa kuipima, akikwangua metali ndani ya ombwe ili uso uwe safi, na kufikia 1916 vipimo vyake vikawa vimeithibitisha. Naye alikwama kwenye uchafu wa uso, kama nyinyi na zinki yenu.