Jibu: Nahamia Nairobi kikazi kutoka Mwanza, nianze na nini?

Mkuu, hongera kwa kazi. Umesema ofisi iko Westlands, una mke na mtoto wa darasa la tatu, na unataka kujua uanze na lipi. Mimi ni Mtanzania, nimeishi na kufanya kazi hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, na nimepokea ndugu wengi waliokuja kama unavyokuja wewe. Anza na karatasi. Nyumba ifuate. Makochi na kabati sahau kwa sasa.

Wengi wetu tunadhani kwa kuwa sote ni Afrika Mashariki, ukishagongewa muhuri mpakani Sirari umemaliza. Muhuri ule unakupa hadi miezi sita ya kukaa kama mgeni, lakini haukupi ruhusa ya kuajiriwa. Unahitaji kibali cha kazi, na anayekiombea ni mwajiri wako. Mwambie akuonyeshe kwamba ombi limeshawasilishwa kabla hujaandika barua ya kuacha kazi ya Mwanza. Nakusihi sana hapo. Nimeona watu wazima wenye taaluma zao wakikaa chumbani wakisubiri kibali huku kodi ya nyumba inakimbia na akiba inakwisha, wakati kule nyumbani nafasi yao imeshajazwa.

Kibali kikitoka, kinafuata kitambulisho cha mgeni, ambacho ni lazima kwa anayekaa zaidi ya siku 90, halafu PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi wa Kenya, halafu benki. Hivi vyote vimeshikana, ukikwama kimoja vinavyofuata vinasimama. Ndiyo maana nasema vyeti vishughulikie ukiwa bado nyumbani: pasipoti kamili, siyo hati ya dharura, vyeti vya shule na chuo pamoja na nakala zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA, na cheti cha ndoa, kwa sababu mkeo na mtoto wataombewa kibali cha kukaa kama wategemezi wako na uhusiano wenu lazima uonekane kwenye karatasi. Cheti cha ndoa ndicho kinachowatesa wengi. Kitafute leo.

Chanjo ya homa ya manjano nayo msiicheleweshe, ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Hata kama hamtaulizwa kadi mkiingia Kenya, mkirudi Tanzania kusalimia mtaulizwa, maana mtakuwa mnatoka Kenya. Ni mara moja tu maishani.

Kuhusu mshahara, usiuzidishe kwa shilingi yetu ukaona umetajirika. Kwa viwango vya mwaka 2025, sehemu ya mshahara iliyozidi shilingi 32,333 za Kenya kwa mwezi ilitozwa kodi ya asilimia 30. Ongeza asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, asilimia 1.5 ya mfuko wa nyumba za bei nafuu na makato ya NSSF. Mwombe mwajiri akuandikie kiasi kitakachofika mkononi, upange maisha kwa kiasi hicho.

Sasa nyumba. Huku kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, kwa kawaida siku za mwanzo za mwezi, na unaweka amana ya mwezi mmoja, mahali pengine miwili. Kwa aliyezoea kudaiwa miezi sita au mwaka mzima hii ni nafuu kubwa. Itumie: usikubali kupanga nyumba ukiwa Mwanza. Usitume hata senti kwa mtu anayekuonyesha picha kwenye simu na kukuambia kuna wengine watano wanaoitaka. Njoo kwanza, fikia kwa ndugu au chumba cha muda, uzunguke kwa miguu.

Chagua nyumba kwa kuangalia barabara. Matatu, yaani daladala za huku, nyingi huishia katikati ya jiji, kwa hiyo mtu wa Umoja anayefanya kazi Westlands hupanda mbili, avuke mji mzima asubuhi, na jioni arudie hivyo hivyo. Mvua ikinyesha nauli inapanda na foleni haisogei. Wewe tafuta upande wa barabara ya Waiyaki Way, inayopita Westlands: Kangemi, Uthiru, Kinoo, mpaka Kikuyu, kulingana na mfuko. Ruaka nayo inafikika. Rongai utaisikia ikisifiwa kwa bei, lakini iko mbali, kwa Westlands nakukataza kabisa, utamwona mwanao akiwa amelala tu.

Kitu cha pili ni maji. Maji ya jiji hutoka zaidi bwawa la Ndakaini na hugawiwa kwa zamu, mtaa kwa mtaa. Uliza jengo lina tangi kubwa kiasi gani, lina kisima, na maji ya kunywa wapangaji wanayatoa wapi, maana visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi na una mtoto ambaye meno yake bado yanaota. Usimuulize msimamizi wa jengo peke yake. Simama langoni jioni uwaulize kina mama wanaoingia, watakueleza ukweli wote.

Laini ya Safaricom sajili kwa pasipoti siku ya kwanza, ufungue na M-Pesa, kwani kodi, nauli na hata sukuma wiki utalipia humo. Laini ya Tanzania usiitupe, itumie mara kwa mara isifungwe, benki yako ya nyumbani bado itatuma namba za siri huko.

Vyombo uza. Sufuria utapata Kamukunji, mapazia na blanketi Eastleigh, nguo Gikomba. Pesa ya kusafirishia makochi inunue masweta mazito, hasa ya mtoto: jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Julai baridi yake mtu wa ziwani haijui.

Mtoto ndiye anayenifanya nikushauri utangulie peke yako. Kama anasoma shule ya serikali kwa Kiswahili, huku darasa la nne atakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Anza sasa kumsomea na kuzungumza naye, hata nusu saa kila jioni. Mwaka wa shule huanza Januari kama kwetu, kwa hiyo mwache amalize muhula wake wa mwisho Mwanza, achukue ripoti na barua ya uhamisho, waje na mama yake likizo ya Desemba. Wewe wakati huo utakuwa umeshapata nyumba, na shule utakuwa umeitembelea kwa miguu yako kutoka mlangoni.