Kabla hujalipia meza ya maonyesho, bandika bei

Mkuu, umeuliza mambo manne: meza ya siku mbili kwa shilingi 120,000 na kamisheni ya asilimia 25 inalipa au hailipi, upeleke picha ngapi, bei upangeje, na usiku wa kwanza kazi uziache pale au urudi nazo. Mimi nachora kwa rangi ya mafuta, kazi nilijifunza kwa mafundi wa uchoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, Dar es Salaam, na meza za namna hiyo nimeshazikalia mara sita. Nitakusimulia ile ya kwanza, maana hakuna kosa nililolibakisha.

Hesabu kwanza. Nilibeba picha 22, nikauza 5, jumla 385,000. Wakakata kamisheni yao, 96,250. Meza nayo ilikuwa 120,000 kama yako. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwenda na kurudi 50,000. Maji na msosi siku mbili 18,000, kwa sababu kule Masaki mama ntilie humpati getini. Nikabaki na 100,750, na hapo rangi, kitambaa na mbao sijavitoa. Ukienda kutafuta faida ya siku mbili utarudi umenuna. Mimi naendelea kwenda kwa ajili ya wale wanaochukua namba ya simu. Picha yangu kubwa ya mwaka ule iliondoka wiki tatu baadaye, mnunuzi kaifuata mpaka kwangu Mbagala.

Sasa bei. Hapa ndipo nilipochapika.

Sikuandika bei hata moja. Nilizoea ya barabarani: unamsoma mteja, viatu, saa, lafudhi, ndipo unataja. Jumamosi kama saa tano akaja mama mmoja kavaa dera la zambarau, akaipenda picha ya wachuuzi wa samaki wa Feri. Nikamwambia laki na ishirini. Akasema ngoja nizunguke kwanza, nitarudi. Haikupita nusu saa wakaja wazungu wawili wanawake, wakaishika ile ile. Nikakohoa kidogo, nikatoa Kiingereza changu cha dukani: laki mbili na themanini. Mmoja akanong'ona na mwenzake kwa lugha yao, halafu akanigeukia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Kaka, yule mama wa dera umemwambia laki na ishirini. Mimi nimekukosea nini?" Kumbe muda ule alikuwa meza ya jirani anachagua hereni, kasikia kila kitu. Ana miaka kumi na moja Iringa.

Hilo bado si baya. Baya ni kwamba mama naye alikuwa amesharudi, kasimama nyuma yao, pochi iko wazi. Akaifunga zipu taratibu. "Kumbe bei zenyewe hazina mwenyewe," akasema, akaondoka. Maana hapo hata ile laki na ishirini aliiona ya kupigwa. Nikapoteza wateja watatu kwa picha moja, na jirani yangu wa hereni akanicheka mpaka jioni.

Toka siku hiyo bei naipanga nyumbani na kuiandika kwenye kikaratasi. Napima urefu na upana kwa sentimita, najumlisha, nazidisha kwa 1,500. Picha ya 20 kwa 20 inakuwa 60,000. Ya 60 kwa 80 inakuwa 210,000. Usizidishe urefu kwa upana kama mtu anayepima kiwanja, kwa sababu hiyo kubwa itatoka mara kumi na mbili ya ile ndogo, na hapo ama ndogo utaigawa bure ama kubwa haitanunulika. Hiyo 1,500 ni yangu, wewe anza na unayoweza kuitamka bila kuangalia chini. Kamisheni iwe imo humo humo, na mtu akikufuata nyumbani mtajie bei ile ile. Waandaaji wakisikia unauza rahisi pembeni hawakuiti tena, na kusema kweli hawatakuwa wamekuonea. Halafu andika shilingi. Tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa dola hapa nchini, na noti za dola za zamani ukizipeleka benki zinaweza kukataliwa. Lipa namba ibandike mbele ya meza.

Idadi: picha 12 zinatosha, ndogo ziwe nyingi. Mgeni anawaza begi lake la ndege. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, alipoanza kuuza nje ya duka la Morogoro Stores, hapo hapo Oysterbay, mwishoni mwa miaka ya 1960, alichorea vipande vya hardibodi vya mraba, sentimita 60 hivi kila upande, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Kubwa peleka moja au mbili za kuvuta macho. Na uwe na koleo na stepla: mtu akitaka kusafiri nayo unaing'oa kwenye fremu pale pale na kuikunja kama mkeka, upande wa rangi ukiwa nje. Ukiukunja kwa ndani rangi inajikunyata na kupasuka. Twiga na Wamasai wa mstari punguza, utawakuta meza tatu nzima na bei zao ziko chini.

Rangi ya mafuta ukiigusa baada ya siku mbili inakudanganya kwamba imekauka. Haijakauka, hasa masika. Mimi nilimaliza jahazi langu Jumatano, Ijumaa nikalifunga kwenye ile nailoni ya mapovu. Kulifungua asubuhi ya maonyesho, bahari yote ina vipele, viduara vimejipanga mistari kama kitambaa cha mezani. Mtoto mmoja akamuuliza baba yake kama ni mvua. Nikaitikia haraka, ndiyo, ni mvua. Iliuzwa, mkuu, ni mojawapo ya zile tano, ila usijaribu. Picha ipe mwezi mzima ikauke, halafu weka maboksi kwenye pembe ili kitu chochote kisiguse uso wa picha.

Kuhusu kulaza kazi pale: rudi nazo. Mimi niliambiwa kuna mlinzi, na kweli alikuwepo, lakini saa kumi alfajiri vimwagilia maji vya bustani vilijifungulia vyenyewe. Za turubai nilizifuta, zikapona. Za hardibodi zilinyonya maji zikapinda kama sahani, mbili nimezigeuza mfuniko wa pipa la maji. Bajaji ya kurudi nazo nyumbani ingekuwa elfu kumi na tano.