Kwa nini faili ya zamani hubaki baada ya kunakili kwa Ant

Faili uliyoifuta kwenye chanzo inabaki katika folda ya matokeo kwa sababu kazi ya copy katika Apache Ant, zana ya kujenga programu kwa kufuata maagizo ya faili ya XML, huongeza tu: hunakili faili ambayo haipo kule iendako, au ile ambayo ya chanzo ni mpya zaidi kwa tarehe, na haigusi kitu kingine chochote. Kuweka overwrite="true" hulazimisha kunakili upya, lakini hakufuti masalia. Tumia sync, iliyopo tangu toleo la 1.6, ambayo hunakili kisha huondoa kila kisicho na mwenzake kwenye chanzo. Hakikisha kwanza njia uliyoiandika kwenye todir (folda ya kupokea nakala), maana ukiielekeza kimakosa kwenye folda yenye kazi yako, itaisafisha bila kukuuliza.

Ukipendelea kufuta kwanza, delete yenye dir="build" huondoa folda nzima pamoja na vilivyomo, ilhali delete yenye fileset (kundi la faili ulizozichagua) huondoa faili na kuacha folda tupu mpaka uweke includeemptydirs="true". Mimi mwenyewe nilihangaika jioni nzima na faili zenye alama ya ~ mwishoni, zilizoachwa na programu ya kuandikia kodi, ambazo hazikufutika hata baada ya kuzitaja waziwazi kwenye include. Kumbe Ant ina orodha yake ya faili inazoziruka bila kuambiwa, na hizo zimo. Zilifutika nilipoweka defaultexcludes="no" kwenye fileset, ingawa hapo ni lazima uwe mwangalifu, kwa kuwa folda ya .git, inayohifadhi historia ya kodi yako, nayo inalindwa na orodha hiyohiyo.