Nani anaweza kuingia kwenye utafiti wa dawa ya kansa ya ovari? Niliyojifunza nikiwa na mama mdogo

Siku tuliyoambiwa mama mdogo hawezi kuingia kwenye utafiti tulikuwa tumeamka saa kumi alfajiri, tukapanda matatu Kahawa West tukashuka tao, tukachukua ingine mpaka Upper Hill, na hapo ako na njaa manake alikuwa anatolewa damu. Nesi wa utafiti akatuita kando akasema kwa upole, mama, majibu yako hayajakubali. Mama mdogo akanigeukia akaniuliza, "kwani nimekuwa mgonjwa sana, ama sijakuwa mgonjwa vya kutosha?"

Sikuwa na jibu. Nimekuja kulipata baadaye sana na ndiyo maana naandika haya, kwa sababu naona watu wengi Nairobi wanafikiri utafiti ni kama msaada, kwamba aliye na shida zaidi ndiye anachukuliwa kwanza, wengine nao wanafikiri unaingizwa kwa kujuana na daktari. Sivyo. Wale watafiti wanataka kujua kitu kimoja tu, hii dawa inafanya kazi kwa mgonjwa wa aina hii? Kwa hivyo kabla hawajaanza wanaandika mgonjwa wa aina hiyo ni yupi, vigezo vya kuingia na vitu vya kukuzuia, na wakishaandika hata daktari mkubwa hawezi kuvipindua. Ukikataliwa, hiyo haisemi chochote kuhusu wewe wala kuhusu siku ulizobakisha.

Kitu cha kwanza wanachoangalia ni aina. Kansa ya ovari si moja. Ile ya kawaida zaidi inatoka kwenye utando, na ndani yake iliyo nyingi zaidi madaktari wanaiita sirasi ya gredi ya juu (gredi ni jinsi seli zilivyobadilika, ya juu ni zile zinazokua haraka), na hiyo ndiyo tafiti nyingi zinatafuta. Mara nyingi wanakubali pia kansa ya mirija ya uzazi na ile ya utando wa tumbo kwa sababu zinafanana na zinatibiwa vilevile. Lakini zile zinazotoka kwenye seli za mayai, ambazo huwapata zaidi wasichana na wanawake wadogo, ni ugonjwa tofauti na una tafiti zake. Sasa ripoti ya mama mdogo ilikuwa imeandikwa tu "kansa ya ovari", basi, hakuna aina hakuna gredi. Maabara iliyofanya ile kazi siitaji, lakini ilibidi nitafute bloku, kile kipande cha nyama ya uvimbe kinachowekwa ndani ya nta baada ya upasuaji, ili kisomwe upya. Nilizunguka wiki tatu. Hapa wananiambia kimehamishwa, pale wananiambia aliye na ufunguo ameenda likizo. Tafadhali, mgonjwa wako akishafanyiwa upasuaji ulizia siku hiyohiyo bloku inawekwa wapi na kwa namba gani, andika, manake tafiti nyingi zinaomba hiyo bloku na kama haipo huenda wakataka kumdunga tena kutoa kipande kingine.

Baada ya aina wanauliza umetibiwa na nini na ugonjwa umerudi lini. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, hata mimi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Kemo ya kwanza ya kansa ya ovari kwa kawaida ni kaboplatini na paklitakseli, kila wiki tatu, mara sita hivi. Kaboplatini iko kwenye familia ya dawa za platini. Ukimaliza, watafiti wanahesabu miezi kutoka siku ya dozi ya mwisho ya platini, si siku ya upasuaji wala si siku uliyoanza kujisikia vibaya tena. Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi sita wanasema umeizoea platini, ukirudi baada ya hapo wanasema bado platini inausikia. Makundi hayo mawili mara nyingi hayawekwi kwenye utafiti mmoja. Mama mdogo alimaliza Machi 2022, kufika Agosti tumbo limejaa maji tena, yaani miezi mitano, kwa hivyo yeye alikuwa wa kundi la kwanza, na sisi nyumbani tulikuwa tunasema "karibu nusu mwaka" kana kwamba ni kitu kilekile.

Halafu wanahesabu umepita kwenye matibabu mangapi. Kuna utafiti ulioitwa MIRASOL, ulichukua wanawake 453 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeizoea platini, na ilikuwa lazima uwe umepita awamu moja hadi tatu za matibabu, isizidi, na uvimbe wako upimwe uonekane una protini fulani inayoshika foleti, aina ya vitamini, kwa wingi. Mtu wa awamu ya nne hakuingia hata akiwa na nguvu za kupanda Ngong Hills. Majibu yake yalitoka 2023 na yalikuwa mazuri, wale waliopata dawa mpya waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliopata kemo ya kawaida. 2023 ndio mwaka tuliomzika mama mdogo, kwa hivyo nikiisoma hiyo tarehe huwa nanyamaza kidogo.

Kuna tafiti za wale ambao hata ugonjwa haujarudi. SOLO-1 ilichukua wanawake 391 waliogunduliwa karibuni, hatua ya tatu au ya nne, yaani kansa ishasambaa, wenye hitilafu ya jeni za BRCA, ambayo mtu anaweza kuirithi kwa wazazi, na kemo iwe imewaitikia vizuri. Watu wawili walipewa dawa ya olaparib kwa kila mmoja aliyepewa kidonge kisicho na dawa, na baada ya miaka saba asilimia 67 ya waliopewa olaparib walikuwa hai, upande ule mwingine asilimia 46.5. Ona sasa, ukingoja mpaka ugonjwa urudi ndio uanze kuuliza mambo ya utafiti, mlango kama huo ushafungwa. Uliza mwanzo kabisa. Uliza pia kipimo cha BRCA, najua ni ghali na mara nyingi sampuli inapelekwa nje ya nchi, lakini hicho kinawahusu hata mabinti na dada za mgonjwa.

Turudi kwa nguvu za mwili. Kuna kipimo wanaita ECOG, kinaanzia sifuri. Sifuri unafanya kila kitu kama zamani, moja unaweza kazi nyepesi za nyumba lakini nzito hapana, mbili unajihudumia mwenyewe lakini huwezi kazi, na inaendelea hivyo mpaka mtu wa kulala kitandani siku nzima. Tafiti nyingi zinataka sifuri au moja. Sisi tulimpeleka mama mdogo kwa kiti cha magurudumu kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika na foleni ilikuwa ya masaa, sio kwamba hawezi kutembea, huyu ni mtu alikuwa anapika chapati Jumamosi, na yule daktari kumwona tu akaanza kuandika mbili. Ilibidi mama mdogo asimame atembee mpaka mlangoni na kurudi. Kwa hivyo elezea mgonjwa anafanya nini nyumbani, kwa ukweli, usiongeze na usipunguze.

Damu nayo ina namba zake. Wanaangalia himoglobini, chembe nyeupe (zile za nutrofili mara nyingi wanataka 1,500 kwenda juu), chembe za kugandisha damu 100,000 kwenda juu, figo, ini. Utumbo ukiwa umeziba hawakuchukui, ujauzito vilevile. Na lazima ziwe zimepita wiki kadhaa tangu kemo ya mwisho, mara nyingi tatu au nne. Mama mdogo alikuwa ameanzishwa kemo nyingine siku tisa tu kabla, kwa sababu hakuna aliyetuambia tuulize kwanza. Hiyo tungeingoja ipite. Kilichotumaliza siku ile ni ini. Vimeng'enya vilikuwa juu sana na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka tukiwa kwa matatu tunarudi ndio akaniambia polepole kwamba kuna mitishamba amekuwa akinywa usiku, aliletewa na mtu wa kanisa, na hakutaka tumgombeze. Sikumgombeza. Nilimshika mkono tu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na dawa iliyofichwa ni hivyohivyo, sema kila kitu unachokunywa, cha hospitali, cha mitishamba, cha kununua dukani.

Na walio na HIV, msijiondoe wenyewe kabla hamjauliza. Miaka mingi mlifungiwa nje ya tafiti za kansa, ila 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo kwamba mtu anayetumia dawa zake na kinga yake iko vizuri asizuiwe bila sababu, na tafiti nyingi siku hizi zinaandikwa hivyo. Soma vigezo vya ule mmoja ulio mbele yako.

Kuhusu kuogopa kufanywa panya wa maabara, hilo neno nimelisikia kwa kila mjomba. Hapa Kenya utafiti wa dawa lazima upite kwa kamati ya maadili na kwa Pharmacy and Poisons Board, bodi inayosimamia dawa nchini, na washiriki wawekewe bima. Utapewa fomu ya idhini kwa lugha unayoelewa, beba nyumbani ukaisome na watu wako, na hata ukishasaini unaweza kutoka siku yoyote na matibabu yako ya kawaida yaendelee. Dawa ya utafiti hulipi. Mtu akikuambia utume elfu kadhaa kwa M-Pesa ndio akuwekee nafasi, huyo hana utafiti wowote.

Mahali pa kuanzia ni daktari wako wa kansa, muulize kabla ya kemo inayofuata kuanza, sio baada. Unaweza pia kutafuta mwenyewe kwenye ClinicalTrials.gov au rejista ya Afrika, PACTR, unaandika jina la ugonjwa na Kenya, unaangalia inayosema bado inaandikisha watu. Kiingereza chake ni kigumu, tafuta kijana akae na wewe.

Mama mdogo hakuingia. Ini lilishuka baada ya kuacha ile mitishamba, bloku ikapatikana, tukawa tumebakisha kurudi tu, halafu utumbo ukaziba. Lakini kwenye ile miezi alikuwa amefungua daftari, ukurasa wa kwanza tarehe ya platini ya mwisho amepiga mstari mara mbili, unaofuata namba ya bloku, halafu dawa zote na majibu ya damu kwa tarehe. Mwaka jana nilikutana na mama mmoja wa Kayole kwenye benchi akiwa na mfuko wa karatasi zimechanganyika zote, nikamwonyesha lile daftari, tukakaa siku mbili tukipanga zake vilevile. Aliitwa kupimwa. Damu ikakataa mara ya kwanza, wakampa wiki mbili, akarudi, ikakubali.